Mwalimu mkuu anayewafundisha watoto kubaki nyumbani

Jua bado halijafika usawa wa paa la darasa la kwanza, na mwalimu mkuu tayari amelowa mpaka magotini. Ameinama juu ya ndoo ya plastiki yenye bomba chini. Anapima dawa ya maji kwa kifuniko cha chupa, anamimina, anakoroga kwa mti uliochongwa kwa kazi hiyo tu, kisha ananusa kama mpishi asiyeamini chumvi yake.

"Bado," anamwambia mlinzi, na kuongeza kidogo.

Ndoo zimepangwa kuanzia getini hadi kwenye ngazi za ofisi. Hakuna mtoto anayepita bila kunawa, na mwalimu naye hapiti. Mwalimu wa hisabati, ambaye leo kachelewa, anajaribu kukatiza pembeni huku simu ikiwa sikioni.

"Mikono, mwalimu," mwalimu mkuu anasema bila kuinua kichwa.

Watoto walio kwenye foleni wanacheka kwa kujificha. Mwalimu wa hisabati anaweka simu mfukoni, anakunja mikono ya shati na kusimama nyuma ya mtoto wa darasa la pili, mnyonge kuliko siku zote.

Wanafunzi wanamwita mwalimu mkuu huyu Mama Bendera. Hawamwiti hivyo mbele yake, ingawa jina lenyewe analijua tangu lilipozaliwa. Ni mwanamke wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye sauti ndefu kuliko yeye. Amefundisha karibu miaka thelathini, na tisa ya mwisho amekuwa mkuu wa shule hii ya msingi yenye wanafunzi mia tisa na ushee, mabomba matatu ambayo mawili hutoa maji yanapojisikia, na vyoo ambavyo, kwa maneno yake, "vilijengwa kwa ajili ya shule nusu ya hii."

Lakini ukimtazama vizuri asubuhi hii utaona kwamba mikono iko kwenye ndoo na macho yako kwingine. Kila anapomaliza kukoroga anatupa jicho kwenye kona ya barabara, pale watoto wa darasa la saba wanapotokea. Anamtafuta msichana mmoja, aliyekuwa kiranja wa darasa hilo. Tangu kipindupindu kilipomwangusha katikati ya uwanja wa shule, hajarudi. Mtihani wa kumaliza shule unabisha hodi.

"Wenzake wote waliougua wamerudi," anasema. "Yeye tu. Kila asubuhi najiambia, leo. Halafu kengele inalia na sijamwona."

Leo pia kengele inalia, na hajamwona.

Ili kuelewa kwa nini mtoto mmoja kati ya mia tisa anamnyima mwalimu huyu usingizi, inabidi kwanza kuelewa bendera.

Alipohamishiwa hapa, ugonjwa mkubwa wa shule ulikuwa utoro. Siku za gulio madarasa yalibaki na viti vitupu. Viboko vilikuwa vimeshindwa, barua kwa wazazi zilikuwa zimeshindwa. Yeye akachukua kitambaa cha njano, akakipeleka kwa mama mmoja wa mtaa huu, fundi cherehani anayeshona sare za wanafunzi, kikapindwa kingo na kutundikwa kwenye mpini wa ufagio. Sheria ilikuwa nyepesi. Darasa ambalo halitakosa mwanafunzi hata mmoja kuanzia Jumatatu hadi Ijumaa litakabidhiwa bendera mbele ya shule nzima, litaisimika mlangoni kwake wiki inayofuata, na Ijumaa hiyo litatoka getini kabla ya wengine wote.

Hapakuwa na zawadi nyingine. Watoto wakaipenda kupita kiasi. Wakaanza kupitiana majumbani alfajiri. Aliyelala aliamshwa, aliyetumwa dukani alisindikizwa ili arudi upesi, na kuna baba mmoja aliyekuja kulalamika kwamba kundi la watoto kumi na wawili lilikuwa limekaa kwenye kibaraza chake likimsubiri mwanawe amalize kuvaa viatu.

Utoro ukaisha. Wakubwa wa elimu wakaja kutazama, wakapiga picha na bendera, wakaziomba shule nyingine ziige.

"Kichwa kilivimba," anasema Mama Bendera. Anafikiri kidogo. "Hilo usiliandike. Au liandike tu, ndivyo ilivyokuwa."

Kipindupindu kiliingia mtaani baada ya mvua kubwa iliyofurisha mitaro na kupasua bomba la maji bondeni. Shule ilifanya yote iliyoambiwa kufanya. Ndoo zikawekwa, dawa ikanunuliwa, wauza vyakula wa getini wakaombwa waondoke kwa muda, jambo lililomletea mwalimu mkuu maneno ambayo gazeti hili haliwezi kuyachapa. Ukutani yakabandikwa mabango yenye picha ya mikono na sabuni. Kila asubuhi mstarini, mwalimu wa zamu alitangaza kwamba anayeharisha au kutapika asije shule.

Tangazo likiisha, kama ni Ijumaa, bendera ilitolewa.

Hapa ndipo penyewe. Katika walimu ishirini na wawili, wote wasomi, wote wenye nia njema, hakuna aliyeona kwamba shule ilikuwa inasema mambo mawili yanayopingana. Makamu wa mwalimu mkuu, mwanamume mrefu mwenye mzaha kwa kila jambo, analizungumza hili bila mzaha.

"Mdomo uleule," anasema. "Unasema mgonjwa abaki nyumbani. Hujameza hata mate, unasema darasa lisilokosa mtu lipige hatua mbele. Mtoto atasikia lipi? Atasikia lile lenye makofi."

Darasa la saba lilikuwa limeshikilia bendera kwa wiki kadhaa mfululizo. Kiranja wao, msichana mpole wa kuongea na mkali wa kutenda, ndiye aliyekuwa akiwapitia wenzake majumbani. Ijumaa ile aliamka akiwa tayari ametapika. Mama yake alikuwa ametoka kupeleka nguo za mteja. Msichana akajisafisha, akajifunga kitambaa ndani ya sketi kwa sababu alikuwa hawezi tena kujizuia kuharisha, akavaa sare, akaja shule.

Wenzake walijua, na jambo hili ndilo linalowauma walimu mpaka leo. Mmoja alimwazima sweta kwa kuwa alikuwa anatetemeka. Wawili walisimama naye mstarini, mmoja kushoto mmoja kulia, wakimbana kwa mabega asiyumbe. Hawakuwa na ubaya wowote. Walikuwa wanamsaidia kiranja wao asiwaangushe.

Mama Bendera alikuwa juu ya ngazi, bendera mkononi. "Nililitazama darasa la saba nikaona limetimia," anasema. "Nikatabasamu. Nakumbuka kabisa kwamba nilitabasamu."

Darasa lilipoambiwa lipige hatua mbele, wale wawili walipiga hatua. Msichana akabaki bila nguzo, akaanguka.

Alikimbizwa kwa gari la jirani mpaka kwenye ukumbi wa mikutano wa mtaa, uliokuwa umegeuzwa kambi ya wagonjwa. Waliompokea walisema mishipa ilikuwa imekwisha kuzama na walipata tabu kuweka dripu. Katika siku zilizofuata watoto wengine wanne wa darasa lilelile waliugua. Wote watano walipona. Mtaani mambo hayakuwa hivyo. Watu walizikwa, tena haraka, waombolezaji wakisimama mbali bila kushikana mikono.

Shule ikafungwa kwa amri ya Bwana Afya, kama watu wote wanavyomwita ofisa wa afya wa eneo hili. Jioni ileile mwalimu mkuu alikwenda kambini, akamkuta mama wa msichana nje ya kamba ambayo ndugu hawakuruhusiwa kuivuka. Alikuwa yuleyule fundi aliyeipinda bendera kingo. Mtaani anaitwa Mama Fundi.

"Nilianza kusema pole," mwalimu mkuu anasimulia. "Hakunipa nafasi. Hakupaza sauti, angepaza ningefarijika. Aliniambia, 'Mwanangu kaumwa mbele ya shule nzima, hakuna aliyemwona. Mlikuwa mnahesabu vichwa, mwalimu. Nyuso hamkutazama.'"

Anapangusa meza ambayo haina vumbi.

"Alisema kweli."

Shule ilipofunguliwa tena, Bwana Afya alitoa onyo la wazi kwamba akipatikana tena mgonjwa aliyeingia darasani, ataifunga mpaka mvua ziishe, mtihani au hakuna mtihani. Ofisa huyo si mtu wa maneno mengi. Alisema, akapanda pikipiki yake, akaondoka.

Jambo la kwanza alilofanya mwalimu mkuu lilikuwa kuifungia bendera kabatini. Darasa la tatu, lililokuwa likitegemea kuitwaa kwa mara ya kwanza, lililia kama limefiwa.

Jambo la pili lilikuwa kosa jipya, na hili anakubali lichekwe. Aliwatangazia wanafunzi kwamba kuanzia siku hiyo, mtoto atakayebaki nyumbani kwa sababu ya tumbo atapigiwa makofi akirudi, kwa kuwa amewalinda wenzake. Jumatatu iliyofuata robo tatu ya darasa la nne hawakuonekana. Wote tumbo. Siku hiyo darasa la nne lilikuwa na jaribio la jedwali la kuzidisha.

"Nilicheka mpaka nikakaa chini," anasema makamu. "Nikamwambia, mkuu, umewaponya utoro kwa miaka tisa, umewarudishia kwa tangazo moja."

Yeye hakucheka siku ile. Kuna wakati, anasema, alikaa ofisini akiwa ameshika tama, akajiona mtu aliyeziba tundu moja la paa kwa kufungua jingine. Akiwasifu wanaokuja, wagonjwa watakuja. Akiwasifu wanaobaki, wazima watabaki. Na asiposifu mtu, gulio litawachukua wote.

Njia ilipatikana katika kikao cha walimu, tena katikati ya ugomvi. Mwalimu wa darasa la pili alikuwa akisoma mahudhurio: yupo, yupo, hayupo, yupo, hayupo.

"Huyo hayupo yuko wapi?" mwalimu mkuu akamkatiza.

"Hayupo, mkuu."

"Nimesikia hayupo. Nauliza yuko wapi."

Hakujua. Mwalimu wa darasa la tano aliulizwa naye hakujua. Likazungushwa swali chumba kizima, na likarudi mikono mitupu. Walimu wote walijua kwa hakika nani hayuko shuleni, na hakuna aliyejua mahali alipo hata mmoja wa watoto hao.

"Pale ndipo maneno ya Mama Fundi yalipoingia vizuri," anasema. "Kuhesabu tulikuwa mabingwa."

Tangu siku hiyo shule ina utaratibu ambao watoto wenyewe wameupa jina, habari za wasiopo. Kabla ya somo la kwanza, mwalimu anasimama mlangoni mwa darasa na kumsalimu kila mtoto uso kwa uso. Kisha anauliza nani hayupo, na mtoto wa jirani yake anatoa habari. Watoto wamefundishwa kuuliza wakiwa njiani, kwa sauti, bila kuingia ndani, bila kula wala kunywa kitu. Mtoto ambaye hana wa kumsemea, mwalimu humfuata nyumbani kabla ya saa sita mchana.

Na bendera? Ilitolewa kabatini. Sasa hupewa darasa ambalo kwa wiki nzima halikuwa na mtoto asiyejulikana alipo. Darasa linaweza kukosa watoto kumi na likashinda, mradi lijue kwamba huyu ana homa, huyu kaenda kumzika babu, huyu ana jipu, na huyu, Mungu amsaidie, kaingia mitini kwa sababu ya jedwali la kuzidisha.

Siku ya ziara yetu tulikaa nyuma ya darasa la tatu tukasikiliza.

"Hayupo kwa sababu kiatu kimekatika," anaripoti msichana mdogo kwa sauti ya mtangazaji wa redio. "Baba yake anakishona. Kasema atakuja saa nne."

"Tumbo je?"

"Tumbo zima. Kala asubuhi, nimemwona."

"Umemwona akila au umeambiwa?"

Msichana anafikiri. "Nimeambiwa. Lakini mdomo wake ulikuwa na mafuta."

Darasa zima linakubali kwamba huo ni ushahidi.

Si walimu wote walioupokea utaratibu huu kwa vigelegele. Wamebeba madarasa ya watoto zaidi ya mia, na sasa wanaombwa watembee juani. Mwalimu wa sayansi alisema waziwazi kikaoni kwamba aliajiriwa kufundisha, si kupiga hodi kwenye nyumba za watu. Mwalimu mkuu hakubishana naye. Alijichagulia yeye mwenyewe mtaa wa bondeni, ulio mbali na wenye tope kuliko yote, akamwachia mwenzake nyumba zilizo karibu na uwanja.

Katika nyumba hizo za karibu ndimo mwalimu wa sayansi alimokutana na jambo lililomfunga mdomo. Mvulana wa darasa la pili alikuwa haonekani. Majirani walisema familia imesafiri. Mwalimu akagonga kwa kutimiza wajibu, akageuka aondoke, akasikia mtu anakohoa ndani. Akasukuma mlango. Bibi mzee na wajukuu watatu walikuwa wamelala sakafuni, hakuna mwenye nguvu ya kumletea mwenzake maji.

Walikuwa wamejificha kwa hofu. Waliogopa nyumba kupigwa dawa mchana kweupe, na waliogopa zaidi midomo ya mtaa. Mficha maradhi kifo humuumbua, walisema wahenga, lakini wahenga hawakupata kuishi na majirani wa mtaa huu, ambao wakijua wewe ni mgonjwa hata salamu yako huiona ina wadudu. Bibi na wajukuu walifikishwa kambini wakiwa hai, na wamerudi nyumbani wakiwa hai.

"Sipendi kulizungumzia," anasema mwalimu wa sayansi. Siku hizi ndiye wa kwanza kuvaa mabuti kengele ya mapumziko inapolia.

Bwana Afya naye amebadilika kidogo, kwa kadiri anavyoweza mtu kama yeye. "Nilikuja na kufuli mfukoni," anasema. "Sasa nikitaka kujua ugonjwa umelala nyumba gani, napita shuleni kwanza. Watoto wanajua kabla ya ofisi yangu." Anawasha pikipiki. "Lakini kufuli bado ninalo."

Tangu shule ifunguliwe, hakuna mgonjwa mwingine aliyeanguka ndani ya ukuta wake. Wagonjwa wapya mtaani wanapungua. Ingekuwa makala ya sherehe, hapa ndipo tungepiga vigelegele na kufunga daftari.

Ila kuna kiti kitupu darasa la saba, dawati la mbele karibu na dirisha. Hakuna anayekaa hapo. Mwalimu mkuu hakuagiza kiachwe, watoto wenyewe wamekiacha.

Amekwenda kwa Mama Fundi mara nyingi. Mara ya kwanza mlango haukufunguliwa. Mara ya pili walizungumza kupitia dirishani, na mama akasema neno moja tu, kwamba mtihani haumfai maiti. Makamu alimshauri aache, atamkera mama wa watu. "Nimeshamkera kuliko hapo," akajibu.

Kuna mkubwa mmoja wa elimu aliyempa ushauri mwingine. Sheria ipo, alisema. Mzazi anayemzuia mtoto wa darasa la mtihani anaweza kuitwa ofisini na kuchukuliwa hatua. Mwalimu mkuu alimsikiliza mpaka mwisho, kwa adabu.

"Nilimuuliza, nimshtaki mama kwa kosa la kumkinga mtoto wake na mimi?" anasema. "Uchungu wa mwana aujuaye mzazi. Angekuwa wangu, ningemfungia kabatini."

Kwa hiyo anaendelea kwenda, na leo jioni, masomo yakiisha, anakwenda tena. Anaturuhusu tumfuate kwa sharti la kunyamaza.

Nyumba ni chumba na sebule, na sebule yote ni ya cherehani. Sare za rangi ya buluu zimening'inia ukutani, nyingine bila mikono, nyingine bila kola. Mlango uko wazi leo. Mama Fundi anakanyaga cherehani akiwa ametuelekezea ubavu. Nyuma ya pazia la chumbani kuna mwanga wa taa na mlio wa kurasa zinazofunuliwa.

"Hodi, mama."

"Karibu, mwalimu." Hainui macho. "Kigoda kipo hapo."

Mwalimu mkuu anakaa. Watu wengine wangeanza na habari za kazi, habari za mvua. Hawa wawili wamekwisha kupita huko. Cherehani inakwenda mpaka mwisho wa pindo, inasimama.

"Leo nani hakuja?" anauliza Mama Fundi.

Anauliza kama mtu anayeuliza bei. Lakini mikono yake imetulia juu ya kitambaa, na mwalimu mkuu anajiweka sawa kwenye kigoda.

"Darasa la saba hawakuja wanne," anasema. "Yule wa nyumba ya kona ana jipu mguuni, limepasuliwa jana, anakuja kesho kutwa. Mapacha wamekwenda kwa shangazi yao aliyejifungua, mmoja ana mafua. Hao nimewaona kwa macho yangu mchana huu."

"Hao watatu."

"Wa nne ni wako."

"Na wangu umemwona?"

"Sijamwona. Nasikia anafunua kitabu upesi upesi, kwa hiyo si hesabu, ni hadithi. Na amekohoa mara mbili tangu nikae. Kikohozi kikavu. Kimemwanza lini?"

Mama Fundi anageuka. Ni mara ya kwanza jioni hii anamtazama mgeni wake.

"Juzi," anasema. "Ni vumbi la vitambaa."

"Mfungulie dirisha la nyuma."

"Limekwama."

"Nitamtuma mlinzi wetu alikwamue. Mikono yake haishindwi na kitu."

Mama Fundi anakata uzi kwa meno, anakunja sare iliyokwisha, anaichukua nyingine. Aliyeumwa na nyoka akiona unyasi hushtuka, na mama huyu alimwona nyoka mwenyewe, tena kwenye uwanja aliokuwa akiuamini.

"Watu wa bondeni wananiambia mnagonga milango," anasema hatimaye. "Nikasema ni moto wa mabua. Wiki mbili utazimika."

"Hata mimi niliogopa hivyo."

"Haujazimika."

"Bado."

Pazia linasogea kidogo. Kinaonekana kipande cha uso, jicho moja na nusu ya mdomo, uso uliopungua.

"Shikamoo, mwalimu."

"Marahaba, mwanangu." Anainama mbele kwenye kigoda. "Umepungua."

"Nakula sana siku hizi."

"Anakula kama anajengewa ghorofa," anasema mama, na kwa mara ya kwanza kuna kitu kinachokaribia kicheko.

Msichana hatoki. Ameshika pazia kwa vidole. Inaonekana ana swali aliloliweka muda mrefu.

"Mwalimu, na siku ya mtihani? Nikiamka siku hiyo naumwa?"

Mama Fundi anaacha kazi. Hapa hakuna bendera wala makofi. Mtihani unafanyika mara moja kwa mwaka, na asiyeonekana hupigiwa mstari. Ni swali ambalo mwalimu yeyote angependa kulikwepa kwa kusema Mungu hatatufikisha huko.

Mwalimu mkuu halikwepi. Anaeleza, taratibu, kwamba kuna stoo ya zamani kando ya geti, yenye mlango wake na choo chake. Wameitoa madawati mabovu, wameipaka chokaa. Ameomba kwa wakubwa wa mitihani kwamba mtoto mwenye nafuu lakini bado anaumwa afanyie humo, peke yake, na msimamizi akae mlangoni. Mwalimu wa sayansi amekubali kukaa jirani akiwa na ndoo ya mgonjwa. Makamu amekwenda mara mbili kufuatilia.

"Wamejibu?" mama anauliza.

"Hawajajibu. Nitakwenda mwenyewe wiki hii, na nitakaa kwenye benchi lao mpaka wajibu. Natamani stoo kama ile iwepo katika shule zote za eneo hili, si yetu tu. Wagonjwa siku ya mtihani wapo kila mwaka, tulikuwa hatuwaulizi."

"Na wakikataa?"

Mwalimu mkuu anamtazama msichana.

"Wakikataa, ukiumwa hutakuja."

"Hata mtihani?"

"Hata mtihani. Nitakuja mimi hapa nikae nawe mpaka upate nafuu. Mwaka unaofuata nitakuandikisha kwa mkono wangu mwenyewe, na atakayekucheka atanikuta."

"Lakini darasa litapungua mtu."

"Litapungua," anasema mwalimu mkuu. "Acha lipungue."

Msichana anamwangalia mama yake. Mama anaangalia sare iliyo mapajani, anailainisha kwa kiganja, mara moja, mara ya pili, kisha anaitupa juu ya meza kama aliyechoka kubishana na kitambaa.

"Kesho nitamleta," anasema. "Nitamfikisha mwenyewe mpaka mlangoni mwa darasa, nione anavyosalimiwa."

"Karibu sana, mama."

"Akiwa mzima."

"Akiwa mzima," mwalimu mkuu anaitikia.